Tufiche sefu zetu kwa ajili ya wasaidizi wetu pia

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililotufika nyumbani kwetu Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, mwezi wa Ramadhani uliopita. Naamini jambo hili linaweza kumfika yeyote aliyenunua sefu kwa nia njema kama nilivyonunua mimi, akaiweka mahali palipo wazi, kisha akalala akijua kwamba kazi ya kulinda mali yake imekwisha.

Usiku huo, baada ya kufuturu, sote tulitoka kwenda kuswali tarawehe, kama tulivyokuwa tukifanya kila usiku tangu mwezi ulipoandama, na nyumba ikabaki tupu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Tuliporudi tulikuta komeo la mlango wa nyuma limeng'olewa, kabati la chumbani kwangu liko wazi, na mahali ilipokuwa sefu pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Hawakuivunja wala hawakujaribu kuifungua, bali waliibeba nzima. Ilikuwa na uzani wa kilo 38, nao ni mzigo mwepesi kuliko gunia la mchele la kilo 50 ambalo hamali mmoja wa Marikiti hujitwisha begani bila kuomba msaada. Kwenye sakafu yake ilikuwa na matundu manne ya kuifungia chini, na bolti zake nne zilikuja katika kifuko cha plastiki ambacho sikuwahi kukifungua. Kifuko hicho nilikihifadhi ndani ya sefu yenyewe, kikaenda nayo.

Ndani yake mlikuwa na dhahabu ya tola 7, nyingine yangu na nyingine ya binti zangu, fedha za chama cha kina mama ambacho nilikuwa mweka hazina wake kwa miaka 11, pamoja na bahasha za karatasi za watu. Dhahabu inauma, hasa bangili alizonivisha marehemu mama yangu siku ya harusi, lakini dhahabu ina bei, na tola moja ambayo ni gramu 11.66 hununuliwa tena mtu akijaaliwa. Fedha za chama tumezilipa sisi wenyewe, mimi na mume wangu, kidogo kidogo, na tumebakisha miezi michache. Mzigo mkubwa uko katika bahasha.

Mmoja wa wenzetu katika chama, mtu mzima kuliko mimi, anakaa Majengo katika ile tunayoiita nyumba bila shamba. Kwa wasomaji wasio wa Pwani nieleze kwamba katika mpango huu mtu humiliki nyumba, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi mwaka hadi mwaka, na mpango wenyewe hurithiwa na watoto na wajukuu. Mwenye nyumba ya namna hii hana hatimiliki. Alichonacho ni karatasi ya makubaliano iliyoandikwa siku nyumba iliponunuliwa, na stakabadhi za kodi ya ardhi zilizokusanywa tangu enzi ya baba yake. Hatimiliki ikipotea ina njia ya kurudi, kwa kuwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu msajili kutoa nyingine baada ya tangazo kuchapishwa na siku 60 kupita bila pingamizi. Stakabadhi iliyofifia wino, iliyotiwa sahihi na mtu aliyekwisha fariki, haina ofisi ya kuirudisha. Mama huyo aliniletea bahasha yake mwenyewe, akanikabidhi mkononi na kusema, "Iweke wewe, mwanangu, maana wewe una sefu."

Hata hivyo, kilichonifanya nishike kalamu si dhahabu wala karatasi. Ni binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani kwa miaka minne. Usiku ule alikuwa Kisauni kwa shangazi yake, kwa ruhusa yangu mimi mwenyewe. Majirani walipojaa mlangoni, kabla hata hatujajua kilichoibwa ni nini, maneno yalianza: "Ni huyo huyo. Nani mwengine aijuaye sefu ilipo?" Waliyasema majirani, wakayarudia jamaa zangu wa damu, nami niliyeishi na binti huyo chini ya paa moja, niliyekuwa nikimwachia watoto wa binti zangu na funguo za nyumba, nikanyamaza. Alifuatwa Kisauni usiku huo huo, akalala kituoni siku mbili akihojiwa, akaachiliwa kwa kuwa hapakuwa na la kumshtaki. Alirudi kuchukua mkoba wake. Hakuniuliza mshahara wa mwezi. Aliniambia neno moja tu, nalo silisahau: "Mama, sefu ile nimeifuta vumbi miaka miwili. Ningetaka kuiba, ningengoja mpaka leo?" Kisha akaenda zake kwao, bara ya Kilifi.

Baada ya yeye kuondoka ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza, ya kujua ni watu wangapi walioijua sefu ile. Nilianza na hamali wawili walioisukuma kwa mkokoteni kutoka dukani, wakipita Ndia Kuu na kuingia vichochoroni wakati wa alasiri, saa ambayo kila baraza ina watu. Nikaongeza wote waliopita mlangoni kwetu siku tatu zilizofuata, kwa kuwa boksi lake, lenye picha ya sefu ubavuni, tuliliweka nje likingoja kuchukuliwa na watu wa taka. Nikaongeza fundi aliyekuja kutengeneza feni ya dari chumbani, akaomba kulisogeza kabati ili asimamishe ngazi yake. Nikaongeza wanachama wenzangu 24, ambao kila mwezi walinitazama nikiingia chumbani na fedha zao na kusikia mlio wa vitufe kutoka sebuleni. Nikaongeza wageni wa harusi ya binti yangu wa pili, waliolaza mikoba yao na mabuibui yao juu ya kitanda changu, hatua mbili kutoka kwenye kabati. Nilipofika watu 60 nilisita kuhesabu. Katika watu hao 60 na zaidi, kidole kilimwelekea mmoja, aliye mnyonge kuliko wote na asiye na ndugu karibu wa kumsemea.

Hili ndilo ninaloomba wasomaji wako walitafakari. Tumezoea kudhani kwamba kuificha sefu ni kumficha mwizi mali. Mimi nimejifunza kwamba ni kumsitiri pia yule anayefanya kazi ndani ya nyumba zetu, kwa kuwa asiyejua kitu kiliko hawezi kutuhumiwa kwamba alikisema. Tukiiacha sefu mbele ya macho ya msaidizi wetu, huku tukijisifu kwamba tunamwamini, tunamtwika dhamana ambayo hakuiomba, wala hakulipwa kwa ajili yake, na siku ya msiba tunakuwa wa kwanza kumwangushia lawama.

Baada ya msiba wetu nimeuliza mengi kwa mafundi, kwa wauzaji na kwa jamaa waliokaa ng'ambo, nami nayaeleza hapa kwa manufaa ya wengine.

Jambo la kwanza ni kwamba sefu haizuii wizi, bali huuchelewesha. Nchini Marekani, taasisi iitwayo Underwriters Laboratories huzijaribu sefu za majumbani kwa kuzishambulia kwa zana za mkono, na daraja la chini kabisa la sefu hizo hutakiwa kustahimili dakika 5 za kazi. Dakika 5 ni nyingi kwa mwizi aliye ndani ya nyumba ya watu, lakini si kitu kwake akishaihamisha sefu na kuipeleka anakotaka. Yetu ilionekana siku ya tisa, imetupwa kwenye mikoko upande wa Tudor, mlango umepasuliwa kwa grinda kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Kwa hiyo bolti zile nne nilizozipuuza ndizo zilizokuwa nusu ya sefu, maana kazi yake ni kumlazimisha mwizi azitumie dakika zake ndani ya nyumba yako, penye majirani na kelele. Viwango vya Ulaya vya sefu, vile vya EN 1143-1, vinataka hata sefu yenye uzani wa karibu tani moja iwe na tundu la kuifunga chini, na ni iliyofikia kilo 1,000 tu inayosamehewa. Mimi nilidhani kilo 38 zinajitosheleza.

Jambo la pili ni mahali. Mwizi wa nyumba huanzia chumba cha kulala cha wenye nyumba, akainua godoro, akafungua kabati la nguo, akavuta droo moja baada ya nyingine, kwa sababu anajua kwamba wengi wetu tunapenda kulala karibu na tunachokiogopea. Sefu iliyo ndani ya kabati la nguo haikufichwa. Imewekwa pale pale ambapo mkono wa mwizi ungefika kwa hali yoyote, tena imemkusanyia vyote vya thamani katika kifurushi kimoja. Kama tusingekuwa na sefu, dhahabu ingekuwa katika droo, bahasha katika mkoba wa zamani na fedha kwenye mtungi, na huenda wangekosa kimojawapo.

Wazee wetu walilijua hili. Katika nyumba za kale za mawe, chumba cha ndani kabisa ndicho kilichohifadhi vya thamani, na mgeni alipokewa barazani au sebuleni, asipite hapo. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, na ndani yake kuna zidaka na mashubaka, yaani nafasi za kuwekea vitu zilizochongwa ukutani, ambayo mengine yalizibwa kwa ubao na chokaa yasionekane. Bibi yangu alikuwa na kasha la mbao lililopigwa misumari ya shaba, na nyuma ya droo zake za chini palikuwa na kidroo kingine ambacho hufunguka tu ukijua pa kubonyeza. Sikujua kwamba kipo mpaka nilipoolewa, ingawa nililala chumba kimoja na kasha lile utoto wangu wote. Siwasifu wazee kwa sababu ya ukale wao. Nasema tu kwamba kutunza siri ya nyumba kulikuwa ni sehemu ya malezi, na sisi tumekuacha tukadhani chuma kitatutosha.

Nyumba za leo zina matatizo yake, na kila moja huhitaji kufikiriwa peke yake. Anayekaa ghorofani Nyali au Bamburi, katika nyumba ya kupanga yenye kuta za tofali za inchi 6, hawezi kuizamisha sefu ukutani, maana itatokeza kwa jirani au chumba cha pili, na sakafu ya zege haichimbwi kwa kuwa ndani yake mna nondo zinazoibeba nyumba. Huyo atafute pembe ya stoo au chini ya ngazi, au kabati la jikoni lililo mbali na jiko na bomba la maji, aifunge kwa bolti fupi zisizopenya slabu, baada ya kuomba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kisha amwite seremala amtengenezee ubao wa kuondoka mbele yake, ambao kwa mtu apitaye utaonekana ni mgongo wa kabati tu. Iwekwe pembeni ikigusa kuta mbili, kwa sababu mtaimbo unahitaji nafasi ya kuingia na kusukumia. Bafuni hapafai kwa unyevu. Nyuma ya picha kubwa ukutani hapafai pia, kwa kuwa kila mtu amekwisha sikia habari zake.

Kwetu sisi wa Mji wa Kale iko tahadhari zaidi. Jiwe la matumbawe ni laini, na lililoshikwa kwa chokaa ni laini zaidi, hivyo bolti ya kawaida, ile inayotanuka ndani ya tundu, huweza kulivunja jiwe kutoka ndani na kutoka yenyewe ikivutwa. Fundi mmoja mzee alinieleza kwamba kwa ukuta wa namna hii hutumiwa vyuma vinavyogandishwa ndani ya tundu kwa gundi ngumu ya kemikali, na kwamba ni bora zaidi kuifunga sefu kwenye sakafu ya saruji ya chini. Juu orofani, sakafu ya kale hukaa juu ya boriti za mikoko, na boriti zilizokwisha kula miaka mia hazipaswi kutwikwa chuma cha kilo 200 katikati ya chumba. Kama hapana budi, mzigo uwe karibu na ukuta ambao boriti zimeegemea. Wala mtu asichukue tindo akaanza kuchimba kidaka kipya. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na nyumba zake za kale hazibadilishwi bila idhini ya wahusika, wakiwemo Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kidaka kilichopo tayari chatosha. Seremala wetu amekifunika kimojawapo kwa rafu ya vitabu, nami sitasema ni chumba gani.

Tusisahau hewa ya bahari. Sefu nyingi zinazouzwa kwamba hazishiki moto hujazwa jasi au kitu mfano wake ndani ya kuta zake, chenye maji ndani yake, ili moto ukija maji hayo yageuke mvuke na kupoza. Zilizopimwa kwa saa moja, kwa kipimo cha Wamarekani, hazitakiwi kuzidi nyuzi 177 za Selsiasi ndani, joto ambalo karatasi hulistahimili. Lakini maji hayo hayo huleta unyevu, na katika mji kama wetu, tangu masika mpaka kusi litulie, karatasi iliyofungiwa humo bila kufunuliwa huota koga. Nimeona cheti cha ndoa cha jirani yangu kilichotoka kimegandamana kama mkate uliolowa. Karatasi zitiwe katika mifuko ya plastiki inayofungika, viwekwe vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na sefu ifunguliwe mara moja kwa juma ipate hewa. Betri za vitufe nazo zibadilishwe kabla hazijavuja, kwa kuwa chumvi ya huku haisubiri. Ieleweke pia kwamba sefu ya moto si lazima iwe sefu ya wezi, maana nyingine zina bati jembamba nje na jasi tupu ndani, na mtaimbo huzifungua upesi.

Kuhusu namba ya siri nina machache. Ile iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ile ile, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu za mwisho za simu, na ule ufunguo wa dharura unaokuja na sefu za vitufe usitundikwe msumarini pamoja na funguo za mlango, kama tulivyoutundika sisi.

Linalobaki ni ndimi, na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko saruji. Sefu iletwe imefungwa jamvi au imo katika boksi la kitu kingine, na boksi lake likatwe vipande ndani ya nyumba. Atakayeifunga awe fundi anayefahamika, tena ikiwezekana awe jamaa, na kazi ifanywe siku ambayo hakuna mtu mwingine. Isifunguliwe mbele ya mgeni, hata awe nani. Picha za dhahabu ya bi harusi zisipelekwe kwenye simu za watu mia kabla harusi haijaisha. Wakati wa tarawehe au wa matanga, ambapo mji mzima unajua nyumba yako haina mtu, abaki mmoja, au jirani mwenye kuaminika aombwe kuketi barazani. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 304, hutoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayevunja nyumba mchana na hadi miaka 10 kwa anayevunja usiku, na usiku wa sheria huanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Waliotuvunjia sisi hawakuifuata saa hiyo. Walifuata adhana ya isha.

Na siri yenyewe ina mpaka. Mwenye sefu akifa na siri yake, aliyoyaficha kwa wezi yatakuwa amewaficha warithi, na amana za watu zitakuwa zimezikwa naye. Deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, lakini litalipwaje ikiwa hakuna ajuaye kwamba lipo? Kwetu sasa wanajua watu watatu, mimi na mume wangu na binti yetu mkubwa, na wakili wetu ana bahasha iliyotiwa lakiri. Orodha ya vilivyomo, pamoja na picha, uzito wa kila bangili na stakabadhi ya sonara, imewekwa nyumba nyingine kabisa, kwa sababu tulipokwenda kuandikisha ripoti sikuweza kueleza hata umbo la mkufu nilioudai. Nakala za karatasi zote zilizothibitishwa na wakili ziko huko pia. Laiti ningefanya hivyo kwa bahasha ya mama wa Majengo, jambo ambalo lingechukua asubuhi moja.

Wale watakaovamiwa na watu wenye silaha, nawaomba wafungue wanachoambiwa wafungue. Wako wanaoshauri kuweka kasha dogo la pili, lenye fedha kidogo na vipuli vya bei nafuu, mahali panapoonekana, ili mvamizi aridhike aondoke. Naona ni ushauri mzuri, mradi watoto wasijue tofauti ya makasha hayo mawili.

Fedha za vyama, kwa maoni yangu, zisikae nyumbani kwa mtu yeyote. Benki ikianguka, bima ya amana ya serikali humlinda kila mteja hadi shilingi 500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka shilingi 100,000, lakini fedha zilizo chini ya kitanda cha mweka hazina hazina mdhamini isipokuwa nguo yake ya mgongoni. Chama chetu kimefungua akaunti yenye sahihi tatu.

Ninalo ombi kwa wauzaji wa sefu katika mji huu. Waandike kwa Kiswahili, juu ya mlango wa kila sefu, uzani wake na maneno kwamba ni lazima ifungwe chini. Wampe mnunuzi fundi wa kuifunga kwa bei inayojulikana, na wakubali kuipeleka nyumbani ikiwa imefunikwa. Mimi nilielezwa rangi zake na idadi ya namba za siri, nikasaidiwa kuipakia mkokotenini, na hakuna aliyenieleza habari ya bolti. Simlaumu muuzaji peke yake, kwa sababu sikuuliza.

Nina ombi la mwisho, Mhariri, nalo ni kwa binti yule, kwa kuwa simu yake haipatikani na shangazi yake amehama Kisauni. Siandiki jina lake, naye atajijua. Nimekwenda kwa kila jirani aliyesema neno usiku ule, nikamwambia kwamba nilikosea kunyamaza. Mshahara wako wa mwezi ule uko kwangu, pamoja na wa miezi miwili iliyofuata, na kanga zako mbili ulizoziacha kambani nimezifua na kuzikunja. Hata kama hutaki kurudi kazini, mtume mtu unayemwamini aje avichukue, au nipe neno nikuletee mwenyewe huko uliko.

Wako,
Mweka hazina wa zamani wa chama cha kina mama,
Kibokoni, Mombasa